Discovery 4 ya 2012 kwa milioni 48: ninunue au niachane nayo?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Kuna yadi nimeona Land Rover Discovery 4 ya 2012, dizeli 3.0 SDV6, imetoka Uingereza, inasoma kilomita 148,000. Wanataka milioni 48. Kwa sasa naendesha Harrier. Kazi yangu iko Posta, kila siku foleni, na mara nne hivi kwa mwaka tunakwenda Songea na familia. Fundi wangu kanikataza kabisa, anasema hizo gari zinakata krenki. Muuzaji anasema hayo ni maneno ya mafundi waliozoea Toyota. Nani mkweli? Nikiichukua, nitenge shilingi ngapi kwa mwaka? Nikishalipa nitabakiwa na kama milioni 6. Na je, bora nitafute Prado?

JIBU

Kaka, fundi wako ni mkweli, ila amekuachia nusu ya habari. Injini hiyo inajulikana kweli kwa kukata krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, si uvumi wa kijiweni. Lakini zipo pia Discovery 4 nyingi zilizopita kilomita 300,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Kinachotofautisha hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni oili na namna gari lilivyotumika. Ndiyo maana ulivyotaja foleni ya Tabata hadi Posta nilishtuka kuliko ulivyotaja kilomita. Na hiyo milioni 6 ilinishtua zaidi.

Tuanze na pesa. Gari hili lilipokuwa jipya, toleo la kati liliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 40,000. Leo bei yake imeshuka hadi kulingana na Harrier ya miaka ya karibuni, lakini spea zake hazikushuka. Kompresa, ile pampu inayojaza upepo kwenye shokapu za gari hili, haijui kwamba gari limezeeka. Utainunua kwa bei ya gari la pauni 40,000. Wanaouza wanalijua hilo. Gari la aina hii mara nyingi huwekwa sokoni wiki ileile mwenye nalo anapopewa makadirio ya gereji.

Sasa krenki, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Injini ya 3.0 ni mdogo wake ile 2.7 ya Discovery 3. Ni familia moja ya V6 iliyobuniwa na Ford pamoja na Peugeot-Citroën na kutengenezwa Dagenham, London. Ni injini fupi. Silinda sita zimebanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo beringi za krenki nazo ni nyembamba. SDV6 ya 2012 inatoa nguvu farasi 256 na msokoto wa Nm 600. Ni kazi kubwa kwa beringi za upana huo.

Beringi ya meni ni vipande viwili vya chuma chembamba, kila kimoja nusu duara, vinavyoikumbatia krenki. Kwenye injini nyingi kila kipande kina kijino kinachoingia kwenye mfuo ili kisizunguke. Kwenye 3.0 hakuna kijino. Kipande kinakaa kwa kubanwa tu. Utando wa oili ukikatika, krenki inakikamata kipande hicho na kukizungusha pamoja nayo. Tundu la oili la kwenye bloku na tundu la kwenye beringi haviangaliani tena. Kuanzia hapo sehemu hiyo inasuguana kavu, inapata moto, na chuma cha krenki kinapoteza uimara. Inakatika. Dereva husikia injini ikigonga kwa muda mfupi, mara nyingine hasikii chochote, kisha gari linazima barabarani na haliwaki tena.

Utando wa oili unakatikaje? Njia ni tatu: oili imekaa mno, oili imepungua, au oili imechanganyika na dizeli. Hiyo ya tatu inakuhusu wewe moja kwa moja.

Gari lililouzwa Uingereza mwaka 2012 lina DPF, lile chujio la kunasa masizi kwenye ekzosi. Likijaa, kompyuta huamuru dizeli ya ziada ipulizwe ndani ya silinda ili moto wa ekzosi upande na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari liende mfululizo, kilomita 60 kwa saa au zaidi, kwa dakika 15 hadi 20. Buguruni saa moja na nusu asubuhi huipati hiyo. Injini inaanza kusafisha, foleni inasimama, unafika ofisini, unazima. Jioni inajaribu tena. Dizeli ambayo haikuungua hutelemka pembeni ya pistoni hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kila jaribio lililokatizwa linaongeza kidogo. Baada ya miezi kadhaa, ukipima oili unakuta imepanda badala ya kushuka. Mwenye gari anafurahi kwamba injini yake haili oili. Kumbe ndani ana oili nyepesi kama maji.

Kwa hiyo, kama utalinunua, mambo matatu hayana mjadala. Oili ni 5W-30 ya sintetiki yenye namba ya Ford WSS-M2C934-B au namba mpya ya Jaguar Land Rover iliyochukua nafasi yake, STJLR.03.5005. Inaingia kama lita 6 pamoja na filta. Inabadilishwa kila kilomita 8,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kitabu cha Uingereza kinaruhusu kilomita 26,000 hivi, sahau kitabu. Ratiba hiyo ilipangwa ili makampuni yanayomiliki magari mengi yaone gharama ndogo kwa miaka mitatu ya kwanza, na wewe ni mwenye gari wa nne au wa tano.

Fundi akikwambia "huku kwetu kuna joto, tuweke oili nzito ya ndoo", mkatalie kwa adabu. Oili nzito isiyo na namba hiyo inachelewa kufika kwenye beringi asubuhi, na majivu yake yanaziba DPF, jambo linalofanya injini ijaribu kujisafisha mara nyingi zaidi, jambo linaloongeza dizeli kwenye oili. Unaona mduara huo.

Watakuja pia watakaokushauri ukate DPF na ubadilishe programu ya injini. Inafanyika sana, na tatizo la dizeli kwenye oili kweli linapungua. Lakini programu hizo mara nyingi huja na "zawadi" ya kuongeza nguvu, na nguvu zaidi ndiyo kitu cha mwisho ambacho krenki hiyo inahitaji. Kama gari unalouziwa limeshafanyiwa hivyo, uliza nani aliiandika programu na kama msokoto uliachwa ule wa kiwandani. Muuzaji akibabaika, liache.

Krenki haikaguliki kwa macho. Hakuna fundi wa Dar wala wa London atakayefungua boneti akakwambia beringi zako nzima. Unachoweza kukagua ni maisha ya gari.

Mwombe muuzaji namba ya usajili ya Uingereza, ile ya zamani. Ipo kwenye nyaraka za kuingizia gari, na mara nyingine bado ipo kwenye stika ya duka la kwanza nyuma ya gari. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, sehemu ya historia ya MOT, ambao ni ukaguzi wao wa kila mwaka. Weka namba. Ni bure. Utaona kilomita, kwa maili, za kila ukaguzi tangu gari lilipofikisha miaka mitatu, pamoja na maoni ya wakaguzi: bushi zimechakaa, bomba za breki zina kutu, oili inavuja. Kilomita 148,000 ni maili 92,000 hivi. Kama mwaka 2019 lilisoma maili 110,000, umeshaokoa milioni 48 zako.

Soma pia mwenendo. Maili 10,000 hadi 12,000 kila mwaka bila kuruka ni gari la barabara ndefu, na hilo ndilo unalolitaka. Gari lililotembea maili 3,000 kwa mwaka kwa miaka mitano mfululizo lilikuwa la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni. Kwa Toyota ya petroli tungesema limetunzwa. Kwa dizeli yenye DPF ni kinyume chake. Ombeni risiti za sevisi pia. Kitabu kilichogongwa mihuri minne tu kwa miaka kumi kinakwambia oili ilikuwa inakaa kilomita 25,000.

Ukifika kukagua, nenda alfajiri na uwe umemwambia muuzaji asiliwashe. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu alikuwa anakificha, rudi kesho. Kabla ya kuwasha, pima kwa tepu kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa madigadi juu yake, gari likiwa sehemu tambarare. Andika namba nne. Linganisha kushoto na kulia: tofauti ya zaidi ya sentimita moja ni dalili ya kuvuja upepo upande mmoja au sensa ya kimo iliyochoka. Kuna ujanja hapa wa kuujua. Gari hili likiwa limezimwa huamka lenyewe kila baada ya saa kadhaa, hujipima, na hushusha pembe zilizo juu zifuate ile iliyoshuka. Kwa hiyo gari lililolala chini sawasawa pande zote bado linaweza kuwa na shokapu moja inayovuja. Ndiyo maana unapima tena jioni, saa chache baada ya kulizima.

Liwashe, lipandishe hadi kimo cha porini, usikilize. Kompresa iko chini ubavuni kushoto, mbele ya tairi la nyuma. Inatakiwa ivume kwa sauti nzito na gari lipande bila kusitasita. Ikipiga kelele kama blenda iliyokwama, au ujumbe wa suspensheni ukatokea, inakaribia mwisho. Za mwanzo zilikuwa Hitachi. Zilizofuata ni AMK, na ukibadilisha chukua AMK yenye seti kamili ya vifaa vyake, pamoja na rilei mpya. Rilei ya zamani ikiganda, kompresa inaendelea kuzunguka gari likiwa limezimwa, na unaunguza mpya ndani ya wiki. Kwa bei za Uingereza kompresa ni kati ya pauni 350 na 600 kutegemea unaponunua. Shokapu moja ya upepo ya mbele, pauni 400 hadi 600. Kaka, hizo zipo nne.

Wapo wanaong'oa mfumo wote na kuweka springi. Kwa anayekaa Songea moja kwa moja ningemwelewa. Kwa gari linalobeba familia na mizigo masafa marefu, linapoteza kile kilicholifanya liwe Discovery, na bei ya kuliuza inashuka.

Kingine cha kutazama ni belti ya taimingi. Muuzaji atakwambia "bado, inabadilishwa kilomita 180,000". Kilomita ni nusu tu ya sharti. Nusu nyingine ni umri. Ushauri wangu usipite miaka saba au kilomita 160,000, na gari la 2012 limeshapita miaka hiyo zamani. Bila risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Na ziko mbili: ya mbele inazungusha kamshafti, ya nyuma inazungusha pampu ya dizeli ya msukumo mkubwa. Mafundi wengi wanabadilisha ya mbele na kuiacha ya nyuma kwa sababu mkono haufiki vizuri. Ya nyuma ikikatika haiharibu valvu, ila inakuacha Mikumi usiku. Sema zibadilishwe zote mbili, pamoja na rola zake, tensha na pampu ya maji, na uombe urudishiwe za zamani uzione.

Endesha kilomita zisizopungua 30, na sehemu ya safari hiyo iwe barabara ya wazi. Kanyaga kwenye mlima. Ujumbe ukitokea kwamba nguvu zimepunguzwa, mara nyingi ni hozi ya turbo iliyopasuka au manifoldi ya plastiki ya kuingizia hewa iliyoachia kwenye maungio. Si msiba, lakini tumia kupunguza bei. Chungulia kati ya injini na gia boksi: oili ikitiririka pale, fundi mvivu atasema ni sili ya nyuma ya krenki, wakati mara nyingi ni gasketi za kipoza oili kilichokaa katikati ya V, juu. Nafuu kwa spea, ndefu kwa kazi.

Na hili la urefu wa kazi lifahamu mapema. Bodi ya Discovery 4 imefungwa juu ya chesisi, na injini imejaa kila pembe. Kazi za turbo na nyingine nyingi za nyuma ya injini, gereji zinazoyajua magari haya hunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Mwulize fundi wako kama ana lifti ya nguzo mbili na kama ameshawahi kuifanya. Akikwambia atafanya kwa jeki na magogo, huyo mpe Harrier.

Kwa kuwa limetoka Uingereza, lala chini utazame kutu. Wao humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Chesisi nyuma, karibu na kishikio cha tairi la akiba, ndiyo huanza. Bomba za breki zinazopita juu ya tangi la mafuta ndizo mbaya zaidi, maana hazionekani na kuzifikia ni kazi nzito. Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu si uzuri. Gonga kwa bisibisi.

Mambo madogo, kwa haraka. Nyanyua kapeti mbele ya kiti cha abiria, kushoto: mirija ya sanrufu ikiziba, maji hushuka hapo, na boksi la fyuzi liko nyuma ya droo ya dashibodi upande huohuo. Pima betri: gari likiwa limelala, volti 12.5 au zaidi. Likiunguruma, kati ya 13.5 na 14.7. Betri dhaifu kwenye gari hili huwasha taa za dashibodi kama harusi, na watu wameshabadilisha sensa tano kabla ya kubadilisha betri moja. Vuta hendibreki ya umeme mara tatu. Ikilia kama mlango wenye kutu, viatu vyake ndani ya ngoma havijarekebishwa, na mota inajiua taratibu.

Lipimwe kwa kompyuta inayolijua Land Rover kweli. Kimashine cha kila gari kitasoma injini na kunyamaza kuhusu suspensheni, gia boksi na hendibreki. Kifaa kidogo kinachoitwa GAP IIDTool kinasoma zote, na ukishakuwa na gari hili kinastahili kukaa ndani ya droo.

Sasa tuseme limepita. Mwaka wa kwanza unaanza upya kila kitu, hata kama muuzaji anaapa.

Siku ya kwanza ni oili na filta. Filta ya injini hii ni ya karatasi, inakaa ndani ya kikombe cha plastiki. Usiitupe. Ikate kwa kisu, ikunjue mikunjo ya karatasi juu ya gazeti, ikamue, uitazame juani. Masizi meusi ni kawaida ya dizeli. Unavyovitafuta ni vichembe vinavyometameta, rangi ya fedha au shaba. Ukiviona vingi, usiliendeshe tena gari. Hapo bado krenki inaweza kuokolewa kwa kubadilisha beringi. Rudia zoezi hilo kila sevisi. Ni dakika kumi, na ni onyo la mapema kuliko yote uliyonayo.

Baada ya oili, belti mbili. Kisha gia boksi: hii ni ZF ya gia nane, na wale waliosema oili yake ni ya maisha hawakusema maisha ya nani. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka minane. Sampo lake ni la plastiki na filta imo humohumo, kwa hiyo linanunuliwa zima. Andaa lita 7 za oili ya ZF Lifeguard 8. Kiwango kinapimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa na joto kati ya nyuzi 30 na 50, linalosomwa kwa kompyuta, si kwa kidole. Ikijazwa ya moto sana inabaki pungufu, na gia zinaanza kugonga. Ukiwa chini, badilisha pia oili za difu mbili na ya transfa.

Filta ya dizeli kila kilomita 20,000, na mwambie fundi amwage maji yaliyokaa chini yake kila sevisi. Pampu hiyo inasukuma dizeli kwa msukumo wa hadi baa 2,000. Haina msamaha kwa maji wala kwa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Kwako maana yake ni rahisi: jaza vituo vikubwa vinavyouza sana, na weka fulltanki Dar, kisha tena Iringa, badala ya kubahatisha njiani. Tangi ni lita 82, linakufikisha. Risiti usitupe.

Loa amu za mbele, ile mikono ya chini inayoshika tairi, bushi zake hufa mapema kwenye barabara zetu. Utaona tairi la mbele linaliwa upande wa ndani na usukani unavuta ukifunga breki. Boliti zake hushikana na bushi kwa kutu hadi zikatwe, kwa hiyo nunua mkono mzima wa kampuni ya Lemförder na boliti mpya, pande zote mbili, usipoteze siku kugonga bushi. Na hapa mafundi wengi hukosea: boliti zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwenye kimo chake cha kawaida. Zikikazwa tairi zikiwa zinaning'inia kwenye lifti, gari likishuka mpira unakuwa umeshajinyonga, na bushi mpya zinapasuka ndani ya miezi minne. Halafu wanasema spea ilikuwa feki. Ukimaliza, wilo alaimenti.

Hesabu yako ya mwaka. Kwa ulivyoeleza, foleni ni kama kilomita 7,000, na Songea, kwenda na kurudi mara nne, ni 7,500 au zaidi kidogo. Jumla 15,000 hivi. Mjini tarajia kilomita 7 kwa lita, safarini 10. Hiyo ni lita 1,750 za dizeli. Sevisi za oili mbili. Tairi nne za 255/55 R19 kila kilomita 50,000 ukizitunza, kwa gari la tani mbili na nusu. Pedi na diski zitachoka upesi kuliko kwenye Harrier kwa sababu ya uzito huohuo.

Ukiacha dizeli na bima, nakushauri utenge milioni 9 hadi 10 kwa mwaka wa kwanza, kisha milioni 5 hadi 6 kila mwaka unaofuata. Si kila mwaka zitatumika zote. Mwaka kompresa na shokapu mbili zikifuatana, hazitatosha. Injini iko nje ya hesabu hiyo. Injini iliyojengwa upya pamoja na ufundi, Uingereza, huanzia kama pauni 8,000. Hata ukihesabu pauni moja kwa shilingi 3,000 tu, ni milioni 24, nusu ya bei ya gari. Injini ya mtumba ni nafuu, lakini unanunua krenki nyingine usiyoijua historia yake.

Kwa hiyo kwa milioni 48 na milioni 6 mkononi, jibu langu ni hapana. Una milioni 54 jumla. Tafuta gari la milioni 40, ubaki na 14. Au kama yadi hiyo ina historia nzuri ya MOT na risiti ya belti, shusha bei hadi hapo; kwa orodha niliyokupa hutakosa cha kuwaonyesha. Na usiiuze Harrier. Iache ndiyo iende Posta, Discovery iende Songea. Kama huwezi kubaki na mbili, basi kila Jumapili itoe Discovery hadi Chalinze na kurudi bila kusimamasimama, na oili ibadilishe kila kilomita 6,000.

Kuna watakaokwambia chukua ya petroli kutoka Japani, V8 ya 5.0: haina DPF wala kutu. Kweli. Ina minyororo ya taimingi ambayo kwenye injini za mwanzo, hadi 2012 hivi, vishikizi vyake huliwa. Utaisikia ikichakacha kama sarafu kwenye kopo inapowashwa ya baridi. Ina mabomba ya maji ya plastiki yanayopasuka bila kuaga, na ikichemsha mara moja tu hedi zimekwenda. Na inakunywa.

Prado? Kwa milioni 48 utapata ya zamani zaidi, yenye kilomita nyingi zaidi, na viti ambavyo Discovery inavicheka. Ila Tunduma, Njombe, Songea kwenyewe, spea ipo na fundi yupo. Ukiuza baada ya miaka mitano, tofauti ya bei ndogo sana. Kama mkeo ndiye atakayekuwa anaendesha na watoto peke yao njia ya Songea, mimi ningechukua Prado na nisingeangalia nyuma. Ukichagua Prado yenye injini ya dizeli iitwayo 1KD, anza na nozeli: fungua kifuniko cha valvu, washeli za shaba chini ya nozeli zibadilishwe zote, na toa sampo usafishe chujio la kunyonyea oili, kwa sababu washeli zikivuja masizi hulijaza, na injini hiyo nayo hufa kwa kukosa oili.